Mstari Nyuma ya Mgongo Wangu

Miaka ile ya wakimbizi, kijana wa Ngara alikuwa na kazi moja kabla ya kazi nyingine zote: kuthibitisha kwamba yeye si mkimbizi. Watu wa mbali nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Kihangaza chetu na Kirundi cha jirani vinasikilizana kiasi kwamba mgeni kutoka Dodoma, ukimsalimia mama yako mbele yake, hajui wewe ni wa upande gani wa mpaka. Sura ni zilezile, migomba ni ileile, hata namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Kitambulisho cha taifa wakati huo hakuna aliyekuwa nacho. Kilichokuwepo ni mdomo wa mwenyekiti wa kitongoji.

Asubuhi lori la vibarua lilisimama njia panda, pale njia yetu inapoingia barabara ya kwenda Kabanga. Lilikuwa la shirika mojawapo kati ya yale yaliyohudumia kambi, na dereva aliagizwa achukue wenyeji tu, maana wakimbizi walikuwa na utaratibu wao wa kazi huko ndani. Dereva mwenyewe alikuwa mtu wa kuja. Kwa hiyo mwenyekiti wetu alisimama karibu na bodi la gari na fimbo yake ya kutembelea, akawa ananyooshea watu: huyu wetu, huyu wetu, yule simjui. Aliyesemwa hajulikani alirudi nyumbani na jembe lake. Nilishuhudia kijana niliyesoma naye tangu darasa la kwanza akiambiwa hajulikani, na mwenyekiti huyohuyo ndiye aliyempeleka kanisani kubatizwa, akiwa msimamizi wake.

Nisimsingizie, hakuwa mtu katili. Alikuwa rafiki wa baba yangu, wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pamoja karibu kila jioni, na babu alipofariki yeye ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini. Alimjua kila mtu wa kitongoji kile, na mbuzi wao. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwetu kijana kumlimia mzee ni heshima ya kawaida. Mnakwenda kundi zima asubuhi, mnapalilia migomba yake, na mchana mnakaa kivulini na chungu cha pombe ya ndizi, mnataniana. Hakuna anayeita kazi. Mwenyekiti aliichukua heshima hiyo akaifanya geti. Hakuwahi kutamka kwamba asiyemlimia hatapanda gari, angetamka tungemshitaki. Ila wiki uliyokwenda shambani kwake ulikuwa wetu, na wiki uliyoacha macho yake yalianza kuwa na ukungu. Shamba lake lilikuwa safi kuliko yote kuanzia kwetu mpaka mpakani. Mikungu ilikuwa mikubwa hadi wapita njia walisimama kuiangalia.

Na mimi nilipalilia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ingawa neno kumaliza ni la heshima tu. Wakimbizi walipofika nilikuwa kidato cha pili. Kabla sijaingia cha tatu, mwalimu wa hesabu alikuwa ameajiriwa kambini kusimamia ghala la mahindi. Mwalimu wa baiolojia alikuwa dereva. Wa Kiingereza, ambaye sisi wasichana tulimwogopa kuliko radi, tulimkuta siku moja amevaa fulana yenye nembo, anapanga watu foleni ya maji. Alituona akageuza uso. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa na watoto, na mshahara wa serikali ulikuwa unakuja unapojisikia kuja. Lakini darasani walibaki mwalimu wa dini na mkuu wa shule, na mkuu wa shule alikuwa anaumwa. Tulijifundisha wenyewe. Aliyekuwa na kitabu alisimama mbele, tukanakili, akakaa. Mtihani ulipokuja tuliufanya kwa adabu, na matokeo yalikuja kama yalivyokuja. Baba aliyasikia, na kesho yake akaninunulia jembe jipya. Nadhani alitaka kunifariji.

Kaka yangu mkubwa aliona mbali. Shamba la baba lilikuwa dogo mno kugawana, akahamia Nyamahanga huko Biharamulo akalima mahindi na mihogo kati ya Wasubi na Wasukuma. Kila aliyepanda gari kuja kwetu, akivuka ule msitu ambao siku zile magari yaliupita kwa kusindikizwa na askari, kaka alimpa ujumbe uleule: mwambieni dada aje huku, ardhi ipo. Mimi sikutaka ardhi. Nilitaka kazi inayotumia kichwa, hata kidogo.

Nikaipata, kwa kupalilia. Mwenyekiti aliponinyooshea fimbo nilipanda lori, na baada ya siku kadhaa za kufagia zahanati ya kambi, mganga mmoja kutoka Mwanza akagundua kwamba nawaelewa wagonjwa wake. Nikawa mkalimani. Mama wa kule anasema tumbo la mtoto limesimama, mimi namwambia mganga, mganga anasema mpe hiki asubuhi na jioni, mimi namwambia mama. Basi. Ila jioni nilirudi nimesimama juu ya lori lile na vumbi limenijaa kope, najisikia mtu. Sijawahi kuipenda kazi tena namna ile.

Halafu msimu wa maharage ukafika. Mama aliugua mgongo, shamba la nyumbani likanielemea, nikaacha kwenda kwa mwenyekiti. Ukungu ukaanza. Siku ya kwanza alinipita kwa macho. Siku iliyofuata nilimwamkia kwa sauti ili dereva asikie, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba vizuri kabisa, na fimbo ikaenda kwa mwingine. Nafasi yangu zahanati ilichukuliwa na binti wa dada yake, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga na wagonjwa aliwaogopa.

Nilikasirika. Hasira yangu haichemki, inakaa tumboni kama ugali wa jana. Ndipo uchaguzi wa vitongoji ukatangazwa.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, kijana mwenye maneno mengi na viatu vibovu, aliyekuwa amesemwa hajulikani mara nyingi kuliko mtu yeyote. Alikuja na wenzake wa njia panda, wakakaa kwenye majani nje ya jiko la mama. Walisema wanataka mwenyekiti atakayekwenda pale kwenye gari na kusema jambo moja tu: hawa wote ni wetu. Hawakutaka barabara wala kisima. Wakasema mimi nimesoma kuliko wao, nazungumza bila kutetemeka, na sina deni la pombe kwa mzee yeyote. Niliwaambia mimi ni msichana. Binamu akajibu kwamba hilo wameliona, wakacheka.

Nilihitaji udhamini wa chama. Chama cha mwenyekiti hakikuwa cha kujaribu. Kulikuwa na kingine kipya, ambacho ofisi yake kwetu ilikuwa chumba cha nyuma cha fundi cherehani, na bendera yake nadhani aliishona mwenyewe maana ilikuwa imepinda. Fundi alifurahi kama aliyeletewa mchumba. Hakuwahi kupata mgombea.

Maneno yakaanza. Wazee walisema binti haongozi kitongoji, kesho ataolewa Rulenge au Bukoba, na uongozi ataubeba kwenye sanduku? Hilo lilikuwa la kutarajia, nililijibu kwa kucheka. Lililoniumiza ni lile la pili, walilolisema kwa sauti ya chini: vyama vingi ndivyo vilivyowafanya wenzetu wa ng'ambo wachinjane. Kila mtu kwetu alikuwa ameona watu wakivuka wakiwa na godoro kichwani na mtoto mkononi. Wengine walikuwa wameona kile mto ulichobeba. Huwezi kumcheka mtu kwa hofu ya namna hiyo. Mama alisema fanya unaloona sawa. Baba aliacha kuniomba nimwashie moto wa kiko.

Vijana wangu hawakutetereka. Walipita nyumba kwa nyumba. Binamu alitengeneza orodha ya sababu akawa anaikariri kisimani mpaka wanawake wakamwomba apumzike. Nilihesabu moyoni, kama mgombea yeyote anavyohesabu, nikaona kwamba vijana wa njia panda peke yao, wakija wote, wananitosha. Wakaapa watakuja. Kila mmoja aliapa peke yake na tukaapa tena kwa pamoja. Uchaguzi ulikuwa Jumapili baada ya misa, na Jumapili lori halikuja kamwe, kwa hiyo hapakuwa na cha kuwazuia.

Utaratibu wa kupiga kura ulikuwa wa mstari. Mnakwenda uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Wagombea wanasimama mbele wakiwa wameelekea goli, na watu wanajipanga nyuma ya mgongo wa wanayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka msimamizi aseme. Wanasema ni kwa ajili ya haki, ili usimkazie mtu macho. Mimi nawaambia hakuna mateso kama kusimama umeangalia goli lisilo na wavu huku watu unaowajua wote wakikuamulia nyuma ya kisogo.

Nilifika mapema nimevaa gauni langu la kipaimara, lililofumuliwa pindo. Wazee walikuwepo. Wanawake walikuwepo. Niliwatafuta vijana kwa macho nikamwona mmoja, mlemavu wa mguu, kwenye kivuli cha darasa. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akatazama magongo yake. Akasema lori limekuja.

Lilikuja alfajiri, wakati watu wanajiandaa kwa misa. Kuna wakimbizi wapya walikuwa wamevuka, shirika lilitaka watu wa kujenga vibanda na kufunga shitingi, yale maturubai ya plastiki, na kwa sababu ilikuwa dharura malipo yalikuwa mazuri kuliko ya siku za kawaida. Dereva alichukua kila aliyesimama pale. Mwenyekiti hakuwepo hata kunyoosha fimbo, alikuwa ametangulia kanisani. Kuna waliosema baadaye kwamba alijua, kwamba alituma neno kambini. Sikupata ushahidi na nimechoka kuutafuta. Wakimbizi kweli walikuwa wamevuka, niliwaona mwenyewe barabarani wiki ile.

Ningeweza kujitoa. Fundi cherehani alinishika mkono akaniambia tusubiri, labda wako njiani. Msimamizi, aliyekuwa mtendaji wa kata, aliangalia jua akasema tuanze. Nikapiga moyo konde nikaenda kusimama mbele ya goli, mwenyekiti kushoto kwangu amevaa koti lake la sherehe. Aliniambia polepole, bila chuki, "Umejitahidi, binti yangu."

Nikasikia miguu. Huoni, unasikia tu, nyasi kavu zinavyovunjika. Nilijaribu kuitambua miguu ya baba kwa namna anavyoburuta wa kulia. Niliisikia, ikapita, ikaenda kushoto.

Msimamizi aliposema geuka, sikuamini. Mstari wangu haukuwa mfupi. Wanawake wa kisimani walikuwepo, mama akiwa wa kwanza na mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo wake. Yule kijana wa magongo. Na nyuma yao ukoo mzima wa jirani yetu, mama mmoja mjane na watoto wake wakubwa na wake zao. Jirani huyo asili yake ni Burundi. Alivuka zamani kabla mimi sijazaliwa, katika wimbi la kwanza, akapewa sehemu ya kulima na babu yangu mwenyewe. Migomba yake ni mizee kuliko mimi. Ukitazama mistari ile miwili hukuweza kusema upi mrefu mpaka uhesabu.

Msimamizi alianza kuhesabu. Mwenyekiti akainua fimbo yake, akaomba radhi, akasema kuna watu kwenye mstari wa binti ambao yeye hawezi kuwathibitisha kuwa ni raia.

Alikuwa anawaonyesha jirani zetu. Wakati wa mchango wa madarasa alikwenda mlangoni kwao kwanza, na wakati wa kuchimba choo cha shule vijana wa nyumba ile ndio waliochimba. Siku zote hizo walikuwa wetu. Msimamizi alikuwa mgeni katika kata, mtu wa Biharamulo, mwenye haraka na mwenye woga wa makosa. Kwa hali ya wakimbizi ilivyo, alisema, hawezi kuacha jambo hilo lipite. Akauliza mkutano: nani anawafahamu hawa kuwa ni raia?

Nikasema mimi. Akanijibu kwa upole kwamba mgombea hawezi kuwa shahidi wa mstari wake mwenyewe. Mama akasema. Akaambiwa naye ni wa mstari uleule, na ni mama wa mgombea. Msimamizi akageukia mstari wa pili, akangoja. Nikamtazama baba. Baba alikula kwenye nyumba ile, baba alichimba kaburi la mume wa mama yule. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Namwambia msomaji waziwazi kwamba dakika ile nilimchukia baba yangu, na ilinichukua muda mrefu kuacha.

Jirani yetu alitoka kwenye mstari kabla hajaambiwa. Alikaza kitenge chake, akamwendea mwenyekiti mpaka karibu.

"Mwenyekiti, juzi umekunywa kwangu," alisema.

"Nimekunywa, mama. Pombe na kura ni vitu viwili."

Mama yule akageuka akaondoka. Wanawe wakamfuata, na wake zao, wakapita pembeni ya goli wakashika njia ya nyumbani. Msimamizi akahesabu waliobaki. Sikuhitaji kusikiliza.

Mchana nilikuwa jikoni namenya ndizi, baba akaja akakaa kwenye kigoda cha mama, kitu ambacho hakukifanya kamwe. Akasema, "Mwanangu, nilipoona mistari miwili imesimama hivyo, watu wanatoana, niliogopa. Kule ng'ambo ilianza hivyohivyo. Nilisema moyoni nikifungua mdomo nitaongeza."

Nilitaka kumwambia kwamba kunyamaza ndiko kulikoongeza. Nilitaka kumwuliza atamsalimiaje jirani kesho. Lakini alikuwa mzee amekaa kwenye kigoda cha chini, magoti yamefika kifuani, na mimi sikuwa na nguvu ya ugomvi mwingine. Nikamwashia kiko.

Jioni lori likawarudisha. Nilikuwa njia panda, nimetumwa chumvi na mama. Waliruka chini mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, wamechoka na wamefurahi, wengine wana vipande vya shitingi vimekunjwa kwapani vya kwenda kuezeka majiko ya mama zao. Binamu alikuwa na viatu vipya, sijui alivipata kwa nani kambini. Waliponiona wakaja mbio.

"Tumeshinda, dada?"

Ni binamu aliyeuliza, na alisema tumeshinda, si umeshinda. Nikawatazama nikatafuta nimkasirikie yupi. Nikawaambia mwenyekiti ni yuleyule, na nikawaeleza yaliyowapata jirani zetu, kwamba wametolewa mstarini na hakuna mtu wa upande wa pili aliyefungua mdomo. Mmoja wao alikaa chini barabarani.

Binamu alisema alijua wengine watabaki. Yeye aliona mmoja akipungua hakuna neno, nyumbani hawakuwa na unga, basi akapanda. Aliyekuwa pembeni yake akasema na yeye aliwaza hivyohivyo. Na mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa amepanda lori akiamini yeye ndiye pekee anayekosekana, na waliposhangaa kukutana wote juu ya gari, kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza kuteremka. Hakuna aliyenidanganya. Ningependa mmoja wao angenidanganya, ningepata pa kuishikiza ile hasira.

Tukasimama pale. Watu wa kutoka mnadani walitupita na baiskeli. Binamu alivua viatu vipya akavishika mkononi, sijui kwa nini, akabaki peku. Akasema kesho yake watakwenda kwa jirani kumwomba radhi na kumlimia, wote. Wakaitikia. Nami nikaitikia, ingawa nilijua kwamba mama yule alikuwa ameshaanza kufunga vitu, na kwamba wanawe walikuwa wanazungumzia Kaniha, huko Biharamulo, ambako wana ndugu na hakuna mtu mwingine anayewajua.

Kisha yule aliyekaa chini akajipangusa vumbi, akainuka, akaniuliza bila kunitazama kama nimesikia kesho gari linakuja saa ngapi.

Nikamtajia saa. Nilikuwa nimeshaulizia.